Ujumbe ulifika, msaada haukuja: kisa cha timu ya msituni Liwale

Mwezi Machi, timu ya watu watano iliingia kwenye msitu wa kijiji wilayani Liwale, mkoani Lindi, kupima miti kwa ajili ya mpango wa uvunaji. Siku ya nne, kijana mmoja alijikata panga kwenye muundi wa mguu wa kulia akifyeka mstari wa kipimo. Kati yao na gari kulikuwa na mto uliojaa tangu usiku. Walikuwa na kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, simu janja tatu, vitochi viwili (simu ndogo za vibonyezo), pawabenki kubwa na sola ya kukunja. Ujumbe wa setilaiti ulitoka saa 8:20 mchana, ukafika Lindi mjini baada ya dakika chache, ukasomwa na mtu aliyepangiwa kuusoma, na mtu huyo akaendelea na shughuli zake. Kilichomtoa majeruhi porini jioni ile ni SMS moja ya mzee wa kamati ya maliasili ya kijiji, iliyotumwa kwa kitochi chake kutoka kwenye kilima ambacho wanakijiji wamezoea kupandia mtandao.

Kazi yangu ni kuandaa mawasiliano ya timu zinazokwenda maporini, na baada ya kisa hiki vifaa vyote vililetwa mezani kwangu. Nilivikagua kimoja kimoja, nikazungumza na kila aliyehusika kwa wakati wake, pamoja na yule aliyesoma ujumbe. Naandika kwa sababu huku kusini watu wengi wanaingia pori kwa ajili ya kazi, kuanzia wapima miti na watafiti hadi wahudumu wa chanjo, na maandalizi yao ya mawasiliano yanafanana sana na ya timu hii. Majina ya watu, kijiji na taasisi nimeyaacha.

Majira yanayofunga njia

Liwale inapakana na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Misitu ya vijiji ni mikubwa kweli. Angai peke yake una karibu hekta 140,000. Ni miombo. Kiangazi inapukutisha majani na unaona mbali, lakini Machi kila mti umevaa na anga huioni ila vipande vipande. Mikoa ya Lindi na Mtwara haina vuli na masika vilivyotengana. Tuna mvua za msimu, zinazoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Kufikia Machi ardhi imeshiba maji, udongo mweusi wa mbugani unanasa gari hadi ekseli, na kijito ulichokivuka asubuhi maji yakiwa ya magotini kinaweza kuwa mto jioni.

Wenzetu wa nchi za baridi wanafungiwa njia na theluji, na miongozo mingi ya mawasiliano ya porini imeandikwa na wao, kwa ajili yao. Sisi mlango unafungwa na maji. Kazi hii ilikuwa ifanyike Agosti, msitu ukiwa mkavu. Fedha zikachelewa, na fedha zilipotoka ikabidi zitumike kabla ya muda wake kwisha. Hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililowaweka watu upande usio sahihi wa mto, na hakuna chaja inayolitibu.

Asiyeijua kusini anaweza kudhani kukatika kwa mawasiliano ni habari za porini tu. Mei 2024 mvua kubwa na kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huohuo nyaya za intaneti zinazopita baharini zikapata hitilafu na mtandao ukayumba nchi nzima. Watu wa Lindi na Mtwara mjini waliguswa na yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Serikali inasogeza minara vijijini, na mkataba wa minara 758 uliosainiwa mwaka 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ni hatua ninayoiheshimu. Lakini mnara hujengwa palipo na watu, na msitu wa kijiji uko nyuma ya watu.

Kifaa kilichotoka mlimani

Kifaa cha setilaiti kiliazimwa kwa muongoza wageni wa Kilimanjaro. Ni kidogo, kinakaa kiganjani, kinatumia setilaiti za Iridium. Hizo ziko 66, zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi na kupita juu ya kila sehemu yake, ncha hadi ncha, hivyo Liwale imo bila shaka yoyote. Kifaa kilikuwa kizima, kimelipiwa, betri imejaa. Pamoja nacho ilikuja karatasi ya maelekezo iliyochapwa vizuri na kufunikwa kwa plastiki.

Karatasi hiyo niliisoma kwa makini, na kila neno lake ni kweli kwa mlimani. Inasema ulale na betri ndani ya begi la kulalia. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usichaji kitu kilichoganda kabla hakijapata joto. Ukiingia hemani na kifaa cha baridi, kiache kwanza ndani ya mfuko uliofungwa, ili unyevu ugande nje ya mfuko na usigande juu ya kifaa. Kilimanjaro, pale kambi ya Kibo kwenye mita 4,720, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 0, na betri za lithiamu kwenye baridi hiyo hushindwa kutoa nguvu kwa sababu mwendo wa kemia ndani yake unapungua. Simu inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30, kisha ikipata joto la mwili inawaka tena na chaji yake. Kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 ni kosa kubwa zaidi: metali ya lithiamu hujipaka ndani ya betri na uharibifu huo haurudi nyuma.

Liwale mwezi Machi hakuna baridi ya namna hiyo hata alfajiri. Kijana aliyekabidhiwa pawabenki, akiheshimu karatasi, aliibeba ndani ya shati mchana na kulala nayo ndani ya blanketi usiku. Jasho lina chumvi. Pawabenki hiyo ni ya aina inayotoa umeme mara tu waya unapochomekwa, na waya ulikuwa umechomekwa muda wote ili isipotee. Nilipoishika, tundu lake lilikuwa na ukungu wa kijani kwenye pini mbili za pembeni, na ncha ya waya ilikuwa na alama nyeusi ya kuungua pale umeme ulipopitia kwenye unyevu. Siku ya tatu ilikuwa inachaji na kukatika, inachaji na kukatika. Waliizika kwenye mfuko wa mchele usiku kucha. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya tundu, na uliacha unga mweupe ambao nimeukwangua kwa mswaki. Ingewafaa zaidi kuukung'uta mdomo wa tundu ukiangalia chini na kuiacha kivulini penye upepo.

Kijana huyo hastahili lawama. Alifuata maelekezo kuliko wote. Maelekezo ndiyo yaliyohamishwa kutoka kwenye barafu hadi kwenye mvua bila mtu kukaa chini na kuuliza adui wa betri huku ni nani. Huku ni maji na joto kali. Simu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na sola ya timu ilitandikwa juani simu ikiwa imelazwa juu yake, jambo lililofanya simu ichemke na kukataa chaji kila jua lilipochomoza. Sola ikae juani, simu ikae kivulini, waya uwe mrefu.

Hesabu ya umeme

Hapa nataka msomaji akae na namba, kwa sababu timu haikukaa nazo. Pawabenki ilikuwa ya mAh (miliampia-saa) 20,000. Namba hiyo inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, kwa hiyo nishati yake ni kama Wh (wati-saa) 74. Ikipandishwa kuwa volti 5 za waya, sehemu inapotea kama joto, na kinachofika kwenye simu ni pungufu, tuseme Wh 60. Simu janja yenye betri ya mAh 5,000 inahitaji Wh 19 hivi kujaa. Maana yake pawabenki ile, ikiwa nzima, inajaza simu janja moja mara tatu. Timu ilikuwa na simu tatu za kuingizia takwimu, zikiwashwa GPS na kioo tangu asubuhi, kwa safari ya siku sita. Kila simu ilihitaji kujazwa karibu kila siku. Hiyo ni mara kumi na kitu, na wao walikuwa na mara tatu. Sola iliandikwa wati 21, lakini chini ya mawingu na majani ya Machi hata robo yake ni bahati.

Kitochi kina betri ya mAh 1,000 au pungufu, Wh 3 na ushee. Nishati inayojaza simu janja moja inajaza kitochi mara tano, na kila chaji inadumu siku kadhaa. Tofauti hiyo haikuwa siri kwa yeyote kwenye timu. Haikuandikwa popote tu, kwa hiyo hakuna aliyepanga kwa kuifuata.

Kilichomaliza chaji haraka kuliko yote hakikuwa kazi yenyewe. Simu zote tatu ziliachwa zikitafuta mtandao. Simu isiyopata mnara haikai kimya. Inaita na kuita tena, kwenye masafa haya na yale, kwa nguvu kubwa, mchana na usiku. Ukiiweka kwenye hali ya ndegeni (airplane mode) utafutaji huo unaisha, na GPS inaendelea kufanya kazi, maana GPS ni kupokea tu. Haihitaji laini, haihitaji bando, wala haitumi kitu. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu na hazijui kama wewe upo. Ramani ikipakuliwa mapema, simu iliyo kwenye hali ya ndegeni inakuonyesha ulipo katikati ya Selous sawasawa na mjini, ingawa mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika nyingi kushika. Wawili kati ya watano waliniambia waliamini kwamba bila mtandao GPS inakufa. Nimelisikia hilo pia kwa watu wenye shahada.

Mchana wa ajali, simu ya kiongozi ilikuwa asilimia 11, nyingine mbili zimezima.

Saa 8:20

Ajali ilitokea karibu saa 7. Damu ilizuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi na kuinua mguu. Walifanya vizuri na sina la kuongeza hapo. Kiongozi alibaki ameshika jeraha, akamwagiza binti wa takwimu atume ujumbe kwa setilaiti.

Binti alikiwasha, akabonyeza kitufe cha ujumbe. Kifaa kikaonyesha kinatuma, kinatuma, kinatuma. Walikuwa chini ya miti iliyolowa. Mvua yenyewe haizuii mawimbi ya Iridium kwa kiasi cha kuhesabika, lakini majani mengi yaliyojaa maji juu ya kichwa yanayanyonya, na setilaiti inapita haraka, ikizibwa dakika hii inabidi isubiriwe inayofuata. Mzee wa kamati, ambaye hajawahi kushika kifaa cha namna hiyo, ndiye aliyesema: "Mwanangu, kama kinaongea na mbingu, kipeleke penye mbingu." Mita mia mbili kutoka pale palikuwa na kichuguu kikubwa kando ya mbuga. Binti akapanda, akakiweka juu kabisa, antena ikiangalia juu. Ujumbe ukatoka.

Kifaa hicho kina ujumbe tatu zilizoandaliwa mapema kwa ajili ya kuharakisha. Unabonyeza mara moja, ujumbe unaondoka na alama ya mahali ulipo. Maneno yake hayabadilishwi porini. Yanabadilishwa kwenye akaunti, kabla ya safari. Kwenye kioo kidogo binti aliona namba ya ujumbe na ishara ya kutuma, akaelewa kuwa kifaa kinapeleka mahali walipo kama alama ya hatari. Maneno yaliyoondoka yalikuwa ya mwenye kifaa, ya safari zake za Kilimanjaro: tumefika kambi, wote salama.

Mratibu wa Lindi mjini alisoma hivyo. Aliniambia kwamba alama ya ramani ilimshangaza kidogo, kwa sababu haikuwa kwenye kambi yoyote iliyopangwa, bali pembezoni mwa mbuga, mchana, saa ya kazi. Lakini maneno yalisema salama. Orodha ya kambi ilikuwa kwenye faili la mwenzake aliyekuwa Nachingwea. Akafunga simu.

Sehemu hii ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu vitu viwili vilifika pamoja na kimoja kilikuwa kweli. Mahali hapakudanganya. Mtu mwenye orodha ya kambi mezani na saa zilizokubaliwa ukutani angeona kuwa ujumbe umekuja saa isiyo yake, kutoka mahali pasipo pake, na angeuliza. Hata hivyo angeuliza bure. Baada ya kutuma, binti alizima kifaa kutunza betri, kama karatasi ilivyosema, na kifaa kilichozimwa hakipokei. Betri yake, nilipoikagua, ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

Kuna kitufe cha dharura pia, chenye kifuniko. Hawakukibonyeza. Kiongozi aliogopa gharama, na hakujua nani anapokea upande wa pili. Nilifungua akaunti pamoja na mwenye kifaa. Kitufe kile kinapeleka wito kwenye kituo cha uratibu Marekani, kinachofanya kazi usiku na mchana, na kituo hicho kinawapigia watu walioandikwa kwenye akaunti pamoja na mamlaka za nchi husika. Walioandikwa walikuwa ofisi ya watalii mjini Moshi na ndugu wa mwenye kifaa. Kama kingebonyezwa, simu ingelia Moshi, na mtu wa Moshi angeulizwa kuhusu mgeni mlimani, wakati majeruhi yuko Liwale. Bado naamini walipaswa kukibonyeza. Kituo kingekuwa na mahali halisi na kingeanza kutafuta wa kumwuliza. Mzunguko mrefu ni bora kuliko ukimya.

Walijaribu na 112 kwa simu ya kiongozi hadi ikazima. Namba hiyo inaweza kupita kwenye mnara wa mtandao wowote, hata usio wako, ila lazima pawepo mnara. Pale chini hapakuwa na hata mmoja.

Kilima

Mzee hakusubiri matokeo ya kichuguu. Saa 8 na kidogo alikwishaondoka na kitochi chake, ambacho alikuwa amekizima tangu siku ya kwanza na kukifunga kwenye kopo la siagi ya karanga lenye kifuniko cha kusokota. Alikwenda upande wa pili, mbali na mto, kwenye kilima ambacho warina asali hupanda wakitaka kupiga simu nyumbani. Saa 9 na nusu alituma SMS kwa mtendaji wa kijiji kingine kabisa, cha upande uleule wa mto:

"Mtu 1 kajikata panga mguuni hatembei. Mto umejaa hatuvuki. Leta boda 2 hadi dungu la njiapanda ya ufuta. Damu imekata. Nawasha simu saa 10 na 12."

Haikufika herufi 160, kwa hiyo ilikwenda kama SMS moja. Isomwe mara mbili. Imesema nani, kaumia nini, kwa nini hawatoki wenyewe, kinatakiwa nini, kiletwe wapi, na lini anaweza kujibiwa. Mahali amepataja kwa kitu ambacho dereva wa boda anakijua: dungu ambalo watu hukaa kulinda shamba dhidi ya nguruwe na nyani. Jibu lilikuwepo alipowasha saa 10: "Shikamoo mzee. Boda 2 zinatoka sasa, mganga wa zahanati nimemwambia. Kaeni hapo dungu."

Watu watatu walimbeba kijana kwa machela ya fito na turubai. Boda zilifika dungu saa 12 jioni kasoro kidogo. Usiku alishonwa zahanati, kesho yake akapelekwa hospitali ya wilaya, na mguu umepona.

Kwa nini kitochi kilipita pale ambapo simu janja ya kiongozi, alipowahi kupanda kilima hichohicho siku ya pili, ilionyesha mstari mmoja wa mtandao unaopotea na kurudi? Kuna sababu ya kiufundi ambayo wauza simu hawaisemi. Mnara una sauti kubwa, simu ina sauti ndogo, na mara nyingi simu inausikia mnara wakati mnara hauisikii simu. Kwenye 2G ya masafa ya megahezi 900 simu inaruhusiwa kupaza hadi wati 2. Kwenye 4G kikomo cha kawaida ni wati 0.2. Masafa ya chini pia yanakwenda mbali zaidi na kupinda vizuri kwenye vilima. SMS nayo inapita kwenye njia ya ishara za mtandao, haihitaji njia ya sauti kushikiliwa muda wote, hivyo inaweza kupenya katika nafasi ya sekunde chache ambayo simu ya kuongea ingekatika. Mwisho wa 2G ni kilomita 35 hivi kutoka mnarani kwa mpangilio wa kawaida, hata uwe na kilima kirefu kiasi gani. Kiongozi angeweza kuilazimisha simu yake ibaki kwenye 2G peke yake kwenye mipangilio, na huenda ingepita. Hakujua kuna kitu kama hicho, na simu yake ilijaribu 4G mpaka ikachoka.

Lipo na suala la namba za mahali. Ramani za kazi za timu zilikuwa za mfumo wa Arc 1960, kama ramani nyingi za Tanzania, na kifaa cha setilaiti kinatumia WGS 84. Tofauti ya mifumo hiyo huku kwetu ni kama mita 300. Kwenye miombo yenye majani, mita 300 ni kumpita mtu bila kumwona wala kumsikia. Mwenye kutoa namba aseme na mfumo. Na pamoja na namba, ataje kitu kinachoonekana.

Yaliyobadilishwa

Timu hiyo imerudi msituni tangu wakati ule, na nilikaa nao kabla hawajaondoka. Kifaa sasa kina akaunti yao wenyewe. Ujumbe tatu zimeandikwa upya kwa Kiswahili, na mojawapo inaanza na neno DHARURA. Walioandikwa kwenye kitufe ni mratibu, daktari wa wilaya na mtendaji wa kijiji, kila mmoja akijua kwamba kituo cha nje kinaweza kumpigia kwa Kiingereza. Suala la vibali wameuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, mapema, kwa kuwa vifaa vya redio na setilaiti vina utaratibu wake na si kila kinachouzwa kinaruhusiwa kutumika.

Simu za takwimu zimebaki mbili, ziko kwenye hali ya ndegeni saa zote, na data inaandikwa pia kwenye karatasi ya penseli. Vitochi viwili vyenye laini za mitandao tofauti vinakaa vimezimwa ndani ya makopo ya kusokota, na vijipakiti vya kukausha unyevu vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu. Mifuko ya plastiki ya kawaida ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kusema kweli kopo linazuia maji vizuri zaidi.

Tulichobishana kwa muda mrefu ni ukimya. Kifaa kinawashwa saa 1 asubuhi na saa 12 jioni, nusu saa kila mara, juu ya kichuguu au mbugani, na kila jioni unatoka ujumbe. Usipofika? Kiongozi alitaka mratibu asubiri siku nzima, kwa hoja kwamba vifaa huharibika na kuwaamsha watu bure kutafanya siku ya hatari ya kweli wasiamke. Mimi nilitaka saa tatu. Mzee wa kamati akasema kwake mtu akikosa kurudi toka shambani hadi giza linaingia, jirani wanatoka na tochi, hawangoji asubuhi. Wamekubaliana hivi: jioni moja ikipita kimya, mratibu anampigia mtendaji usiku uleule, asubuhi ya pili ikipita kimya, watu wanatoka kwa miguu kuelekea kambi ya mwisho iliyotajwa. Orodha ya kambi iko kwa mratibu, kwa mtendaji, na kwa dereva.

Limebaki la fedha. Siku ile madereva wa boda walitoka kwa ahadi ya mzee, kwa sababu kiongozi alikuwa na pesa kwenye simu iliyozima na binti hakuwa na mtandao wa kutuma. Walidai haki yao kwa wiki mbili huku ofisi ikitafuta stakabadhi ambayo hakuna boda wa Liwale anayetoa. Safari hii fedha taslimu ya boda nne na mafuta imeachwa kwa mtendaji, ndani ya bahasha iliyosainiwa, na mhasibu ameipokea kama gharama ya mawasiliano.